Simika fito kabla ya mbegu

*Maharage ya kutambaa huzaa sana mahali padogo, lakini mavuno yake huamuliwa na kile yanachopanda. Mwenye bustani ya nyumbani anayetaka kuyalima aanze na miti.*

Msimu wa kupanda unapokaribia katika nyanda za juu za kaskazini mwa Rwanda, kuanzia Musanze hadi Burera na Gicumbi, mabunda ya fito ndefu huonekana yakibebwa kichwani, yakisukumwa kwa baiskeli au yakiwa yameegemezwa kando ya barabara yakisubiri mnunuzi. Mgeni atadhani ni kuni. Mwenyeji anajua kwamba hayo ndiyo maharage ya msimu unaokuja. Bila fito hizo atavuna haba, hata akiwa na mbegu bora, samadi ya kutosha na mvua ya wakati.

Hilo ndilo ninalotaka kila mwenye bustani alichukue, awe Lushoto, Rungwe, Kasulu, Limuru, Kisoro au Goma. Wengi wetu tukisikia habari za maharage ya kutambaa hukimbilia kutafuta mbegu. Tunazipanda, zinaota vizuri, kisha wiki ya tatu tunaanza kuhangaika na vijiti vya kuokoteza huku mashina yakilala chini na kusokotana. Kwa zao hili mti ni nusu ya kilimo chenyewe, na nusu hiyo huja kwanza.

Ardhi ilipoisha, wakaenda juu

Harage la kawaida lina asili ya Amerika, Mexico na milima ya Andes, na lilifika Afrika Mashariki baada ya meli za Wareno kuanza safari zao. Lina maumbo mengi. Yapo maharage mafupi yanayosimama yenyewe kama kichaka, yapo yanayorusha mikono kidogo na kulala ardhini, na yapo yanayopanda juu bila kukoma mpaka yakose cha kushika. Haya ya mwisho ndiyo maharage ya kutambaa.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchini Rwanda yalilimwa zaidi na watu wa kaskazini magharibi, katika maeneo yaliyoitwa Ruhengeri na Gisenyi, ambako kuna baridi na mvua. Kwingineko watu walipanda maharage mafupi. Kisha mambo mawili yakabana kwa pamoja: mashamba yalizidi kugawanywa kutoka kizazi hadi kizazi, na ugonjwa wa kuoza mizizi ukawa unayamaliza maharage mafupi kwenye udongo uliolimwa msimu baada ya msimu bila kupumzishwa. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Rwanda, ISAR, ikishirikiana na CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti chenye makao yake Palmira nchini Colombia, ikasambaza aina za kutambaa zilizostahimili zaidi. Mojawapo ilipewa jina la Umubano. Kwao Mexico iliitwa Colorado de Teopisca. Muda si mrefu zao lililokuwa la pembe moja ya nchi likaenea hadi mikoa ya kati na kusini. Hata magharibi mwa Kenya, mizizi ilipoanza kuoza kwenye mashamba ya Kakamega na Vihiga katika miaka ya 1990, aina za kutambaa kutoka Rwanda zilikuwa miongoni mwa dawa zilizotafutwa.

Sababu ya kuenea huko inaeleweka ukitazama mizani. Maharage mafupi yakitunzwa vizuri hutoa takriban tani 1 hadi tani 1 na nusu kwa hekta. Ya kutambaa yaliyosimikiwa miti ipasavyo yanaweza kufika tani 3 na kuzidi. Mmea uliopanda mita 2 na zaidi una majani mengi yanayopata jua, na kila kifundo cha shina lake ni mahali pa kutoa ua. Mizizi yake hukamata naitrojeni nyingi zaidi kutoka hewani kuliko ya maharage mafupi, kwa sababu mmea ni mkubwa na hukaa shambani kwa muda mrefu zaidi. Kwa nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 ilikuta wastani wa watu 503 katika kila kilomita ya mraba, kwenda juu ilikuwa njia ya kuongeza shamba bila kununua shamba.

Bustani ya nyumbani ina shida hiyo hiyo. Ni kipande kilichobaki kati ya jiko na ua, chenye sukuma wiki, kitunguu, nyanya chache na mchaichai. Maharage mafupi yakipewa nafasi huko, huimaliza yote kwa mavuno ya sufuria chache. Ya kutambaa huhitaji tundu dogo la ardhi, mengine yote huchukua angani, na huzaa kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Jikoni hilo ni jambo kubwa: leo majani machanga ya mboga, wiki kadhaa baadaye maganda mabichi, kisha maharage mabichi ya kumenya, na mwisho makavu ya kuweka. Baadhi ya aina zilizoongezewa madini chuma, ambazo Rwanda ilianza kuzitoa kwa wakulima mwaka 2010 na kuongeza nyingine mwaka 2012, nazo ni za kutambaa. Chuma hicho kitafika mezani kwa watoto wetu ikiwa tu kuna mti wa kuyapandisha.

Harage linavyoutafuta mti

Njegere ina vikono vyembamba vya kushikia. Pasheni pia inavyo. Harage halina. Linapanda kwa shina lake lenyewe, na ncha ya shina hilo haitulii: huinama, huzunguka hewani taratibu, ikigusa kitu kilichosimama hukizingira na kuanza kupanda. Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza, alivutiwa na mwendo huu alipokuwa mgonjwa chumbani na mmea wa kutambaa umewekwa kwenye chungu karibu naye. Aliandika matokeo ya uchunguzi wake mwaka 1865, na mwaka 1875 yakatoka kama kitabu. Miongoni mwa mimea mingi aliyoipima, aliona kwamba ncha ya harage humaliza mzunguko mmoja kwa muda wa saa mbili hivi. Kwa hiyo mmea unaodhani umetulia asubuhi, jioni umekwisha kuzunguka mara kadhaa ukitafuta pa kushika.

Mwendo huo una mafunzo manne kwa mtu anayesimika miti.

La kwanza, harage hupenda kitu kilichosimama wima au kilichoinama kidogo. Kamba iliyolazwa kutoka nguzo hadi nguzo hailisaidii sana, kwa sababu ncha hupita juu yake ikiendelea kutafuta. Ndiyo maana wavu mzuri wa njegere unaweza kuwa mbaya kwa maharage.

La pili, unene una mpaka. Shina jembamba haliwezi kuzingira gogo. Fito yenye unene wa kidole gumba hadi wa mpini wa jembe inatosha.

La tatu, mti wenye magamba ni bora kuliko uliolainishwa. Shina na majani ya harage yana vinyweleo vidogo vilivyopinda kama ndoana, navyo hukwama kwenye gome, kwenye katani na kwenye kamba ya mgomba. Kwenye mwanzi laini au bomba la plastiki mmea ukishalowa mvua na kulemewa na maganda huteleza na kujikusanya chini. Ukilazimika kutumia vitu hivyo, vizungushie kamba ya katani kwanza.

La nne, harage lina upande wake. Ukilitazama kutoka juu, huzunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Ukisimama mbele ya mti, utaona shina likipanda kutoka kushoto chini kwenda kulia juu. Watu wengi huamini kwamba mimea hubadili upande kusini mwa Ikweta. Utafiti wa nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba karibu asilimia 92 ya mashina yanayojizungusha hufuata upande huu mmoja, kaskazini na kusini sawasawa. Basi ukilisaidia harage kwa mkono, lizungushe kwa upande wake. Ukilizungusha kinyume litajifungua usiku na asubuhi utalikuta limening'inia.

Fito nzuri ni ipi

Urefu ndio jambo wanaloliminya wengi. Mti wa mita 1 hutoa mavuno ya mita 1. Mmea ukifika kileleni hujirudia, hujisokota na kujifunika kwa kivuli chake wenyewe, na maua ya ndani hudondoka. Tafuta fito za mita 2.5. Nusu mita izame ardhini, mita 2 zibaki juu. Kimo hicho mtu mzima anaweza kukivuna akiwa amesimama na mkono ulionyooshwa.

Chonga ncha ya chini kwa mshazari, toboa shimo kwa mtaimbo, ingiza fito, kisha shindilia udongo kwa kisigino. Usiipigilie kwa nyundo, maana itapasuka juu, maji ya mvua yataingia na itaoza mapema. Ukiweza, choma kidogo sehemu itakayozama mpaka iwe nyeusi. Huko ndiko mchwa na ukungu huanzia, na kuchoma hupunguza kasi yao.

Kuhusu aina ya mti, kila mahali pana lake. Mkaratusi hunyooka, ni mgumu na hutumika misimu kadhaa, ndiyo maana ndio unaouzwa zaidi. Mwanzi hudumu, ukikumbuka kuuvika kamba. Mabingobingo, yale majani makubwa ya ng'ombe, yakiachwa yakomae hutoa mabua marefu yasiyo na gharama, lakini ni ya msimu mmoja na huvunjika upepo ukizidi. Yafunge mawili mawili au matatu. Mashina makavu ya mbaazi na mnyonyo yanafaa kuongezea, hasa mmea ukiwa mchanga. Ukikata matawi mabichi ya mti unaochipua kwa urahisi, kama mforosadi au glirisidia, yaanike kwanza hadi yakauke. Usipofanya hivyo yataota mizizi na kushindana na maharage yako.

Namna tano za kusimika

Namna ya kwanza ni *fito moja moja*. Simika kwa mistari, hatua moja kati ya mstari na mstari, na nusu mita hivi kati ya fito na fito. Panda mbegu tatu au nne kuizunguka kila fito, umbali wa kiganja kutoka kwenye mti, kina cha sentimita 3 hadi 4. Zikishaota acha mimea miwili au mitatu yenye nguvu. Njia hii ni nyepesi na hewa hupita vizuri, ila kila mti hupambana na upepo peke yake.

Ya pili ni *piramidi*, nami naipendekeza kwa bustani nyingi za nyumbani. Chukua fito tatu au nne, zisimike kwenye ukingo wa duara lenye upana wa mita 1, ziinamishe kati na uzifunge juu kwa kamba. Kila moja huishikilia nyenzake, kwa hiyo hata fito nyembamba zinatosha. Piramidi ya fito nne yenye mimea mitatu kila fito ni mimea 12 katika mita moja ya mraba. Katikati, kabla kivuli hakijawa kizito, unaweza kupata mchicha wa mikono miwili mitatu.

Ya tatu ni *chanja ya kamba*, na hii ni ya mahali ambapo miti ni ghali. Simika nguzo mbili imara, mita 2 hadi 3 kutoka moja hadi nyingine. Funga mti mmoja juu kutoka nguzo hadi nguzo, na mwingine chini, kiganja kimoja kutoka ardhini. Kati ya miti hiyo miwili shusha kamba, moja kila sentimita 20. Kamba za mgomba zilizosokotwa na kamba za katani zinafaa kuliko za plastiki: maharage huzishika vizuri, na msimu ukiisha unakata kila kitu na kutupa kwenye shimo la mboji bila kuchambua. Zikaze barabara, maana kamba iliyolegea huyumba na kuvunja ncha changa. Nguzo mbili na miti miwili zimechukua nafasi ya fito zaidi ya kumi.

Ya nne ni *mahindi*. Watu wa asili wa Amerika wamefanya hivi tangu kale: mahindi yanasimama, maharage yanayapanda, maboga yanafunika ardhi. Inawezekana kwetu pia, kwa sharti moja zito. Mahindi yatangulie wiki mbili hadi tatu, yawe ya shina nene, na harage liwe moja kwa kila shina. Aina za maharage zenye nguvu nyingi hulemea mahindi na kuyalaza. Mahindi yakikomaa, usikate mabua. Chuma mahindi tu, uyaache mabua yaendelee na kazi.

Ya tano ni *ukuta, ua na kibaraza*. Kwa mtu wa mjini asiye na ardhi, ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini na kujazwa udongo mzuri na samadi iliyooza inabeba mimea mitatu. Shusha kamba kutoka kwenye boriti ya kibaraza au nondo za dirisha, moja kwa kila mmea. Ukuta wenyewe hausaidii kitu, maana harage haliwezi kugandamana nao; kamba iwe mbele yake, umbali wa kiganja, ili hewa ipite. Ndoo hukauka haraka, hivyo imwagiliwe kila siku jua likiwa kali.

Kabla ya kuchagua, tazama jua na upepo. Karibu na Ikweta jua hupita juu ya vichwa vyetu kutoka mashariki kwenda magharibi. Mstari wa maharage unaofuata njia hiyo hujitupia kivuli chake wenyewe asubuhi na jioni, na mboga fupi za pembeni hupata mwanga. Lakini mstari uliojaa majani ni ukuta mbele ya upepo. Mahali penye upepo mkali, kwenye kingo za milima kwa mfano, piramidi husimama kuliko chanja, na nguzo za chanja zinahitaji mihimili ya mshazari.

Na kwa msomaji wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam: harage hili ni la mahali pa baridi, na joto kali huangusha maua yake. Kwenu chanja hiyo hiyo ipeni fiwi, au kunde za kutambaa. Kazi ya miti haibadiliki.

Wiki tatu za mwanzo

Shambani, wakulima wengi husimika fito wakati wa palizi ya kwanza, mimea ikiwa na wiki mbili au tatu. Huko kuna sababu: fito ni nyingi na kazi ni kubwa. Nyumbani, ambako unasimika fito ishirini au thelathini, sioni sababu ya kungoja. Mtaimbo unaopigwa karibu na mmea wa wiki tatu hukata mizizi, na mizizi ya harage haiko mbali na uso wa ardhi. Simika kwanza, kisha panda ukiwa unajua kila mbegu itapanda mti gani.

Mmea ukishatoa majani yake halisi ya kwanza, ncha huanza kurefuka na kunesa. Hizo ndizo siku za kupita bustanini kila asubuhi. Ncha iliyokwenda kwa jirani irudishe kwenye mti wake. Iliyolala ardhini iinue na uifunge kwa uzi wa mgomba, ukiuachia nafasi ya kidole ili usikabe shina. Fanya hivyo jua likishakausha umande, maana kushika mimea iliyolowa hueneza magonjwa kutoka shina hadi shina. Baada ya mizunguko miwili au mitatu kwenye mti, harage halihitaji msaada wako tena. Samaki mkunje angali mbichi: shina lililoachwa likasokotana na wenzake kwa wiki mbili halitenganishwi bila kuvunjika.

Kusimama huku kuna faida nyingine inayosahaulika, nayo ni afya ya mmea. Matone ya mvua hurusha udongo, na udongo hubeba vijidudu. Majani na maganda yaliyo juu hayafikiwi kwa urahisi. Hewa ikipita katikati, majani hukauka mapema asubuhi, na kutu ya majani, madoa pembe na chule, ugonjwa unaoacha madonda meusi kwenye maganda, hupungukiwa na unyevu yanaouhitaji. Maganda hayagusi ardhi, kwa hiyo hayaozi wala kuota yakiwa shinani mvua ya mwisho ikichelewa. Mwenye bustani anaona kila kitu kwa macho: vidukari chini ya jani, ganda lililoiva, ua lililofunguka leo.

Miti itoke wapi?

Hapa ndipo penye uzito wa habari hii. Katika mashamba ya Rwanda kiwango kilichokuwa kikipendekezwa ni fito 50,000 kwa hekta. Gawanya uone: ni fito 5 kwa kila mita ya mraba. Bustani ndogo ya mita 10 za mraba inahitaji fito 50. Zidisha kwa kaya zote za kijiji kimoja, kisha kumbuka kwamba sehemu ya fito hizo huvunjika kila msimu. Ndiyo maana watafiti na wakulima wa Rwanda, Uganda na kwingineko wamekuwa wakitaja uhaba wa miti kama kikwazo kikubwa cha zao hili. Mbegu zipo, watu wanajua kulima, lakini fito ni ghali au ziko mbali. Mkulima maskini husimika chache au fupi, na mavuno aliyoahidiwa hayaji. Na pale miti inapochukuliwa ovyo, mzigo huangukia misitu ya vyanzo vya maji, na mara nyingi wanaotembea kuifuata ni wanawake na watoto.

Naamini zao linalosifiwa kwa kuokoa ardhi halipaswi kumaliza msitu. Njia ya kulizuia hilo ni rahisi na iko mikononi mwetu: fito zilimwe kama zao lingine lolote.

Kaliandra ndiyo ningeanza nayo. Ni kichaka kilichotoka Amerika ya Kati, na katika nyanda za juu za Afrika Mashariki wafugaji wengi wanakijua kwa sababu majani yake ni chakula kizuri cha ng'ombe na mbuzi, na maua yake huvuta nyuki. Ikikatwa kwenye kimo kati ya goti na kiuno huchipua matawi yaliyonyooka. Panda mstari wa mita 10 kwenye mpaka au kwenye kingo za matuta, mche mmoja kila nusu mita. Hayo ni mashina 20. Kila shina likikupa fito 3 tu baada ya kukomaa, una fito 60, na bustani yako ya mita 10 za mraba imejitosheleza.

Sesbania hukua haraka zaidi, na ndani ya mwaka mmoja hupita kimo cha mtu. Ila haivumilii kukatwa mara kwa mara, kwa hiyo ipande upya kila baada ya muda. Lusina hutoa fito nzuri, lakini usiiache ikazaa mbegu zikasambaa, maana hugeuka magugu. Mgrivea hupogolewa matawi kila mwaka bila kuudhuru mti, na matawi hayo ni fito. Kwenye baridi kali za milimani, alnusi hufanya vizuri. Kaskazini mwa Rwanda utaiona ikiwa imesimama katikati ya mashamba. Kaliandra, sesbania, lusina na alnusi zote hurutubisha udongo kwa naitrojeni, hivyo mstari wa fito haukuibii shamba. Mkaratusi uweke mbali na bustani, kwa sababu hunywa maji mengi.

Asiye na nafasi hata ya mstari mmoja ana chanja ya kamba, ambayo kwa nguzo chache hufanya kazi ya fito nyingi. Na asiye na chochote anaweza kupatana na jirani anayepogoa mgrivea au ua wa kaliandra. Matawi ambayo yeye anayachoma ni mali kwako, na maharage mabichi ya bakuli moja ni malipo ya haki.

Maharage yakiisha, fito zibaki

Fito iliyoachwa shambani hadi msimu ujao huliwa na mchwa. Baada ya kuvuna, kata mashina ya maharage usawa wa ardhi na uache mizizi ndani. Vinundu vyake, vinavyokamata naitrojeni, vinaoza na kulisha mboga itakayofuata. Bandua mabaki kwenye fito. Kama yana chule au kutu yachome, kama ni safi yaende kwenye mboji. Anika fito juani siku kadhaa, kwa sababu vijidudu vya magonjwa hujificha kwenye vipande vya shina lililokauka, kisha uziweke zimesimama mahali pakavu, chini ya paa, juu ya mawe. Fito ya mkaratusi iliyotunzwa hivi itakutumikia misimu kadhaa. Msimu ukianza, peleka maharage mahali pengine bustanini, na pale palipokuwa nayo weka sukuma wiki au kitunguu.

Kwa hiyo anza sasa, hata kama mvua iko mbali. Pima eneo lako, uhesabu fito kwa kanuni ya 5 kwa kila mita ya mraba, au nguzo mbili kwa kila chanja. Zilizopo zikate na kuzikausha. Zilizopungua omba au nunua, na wakati huo huo itafutie kaliandra mahali kwenye mpaka, ili baadaye usimwombe mtu. Mbegu inunuliwe mwisho, wiki moja kabla ya mvua, wakati fito zote zimekwisha kusimama.